Ajuza Aliyelia "Moto"

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa dada yangu, Hodge Hill, hapa Birmingham, nimejilaza kwenye kochi baada ya zamu, ugali na sukuma tumboni, macho yameanza kuwa mazito. Ghafla runinga ikalia kwa sauti niliyoijua: "Moto! Moto!" Nikakunja miguu kabla sijafikiri.

Binti wa dada yangu alikuwa sakafuni anacheza. Yeye hakurudi nyuma. Alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza, na yule ajuza mkubwa kwenye kioo akatafuna, akacheua, akafumba mdomo, akalala. Mchezo ukaisha.

"Umefanyaje?" nikamuuliza.

Akanionyesha maandishi chini ya kioo. Mchezo huu wa zamani wa Kijapani, tuliocheza utotoni, umetolewa upya, na safari hii umetafsiriwa. Kumbe ajuza hasemi moto. Anasema ongeza. Masikioni neno ni lile lile, lakini kwa Kijapani maana yake ni zaidi, nipe tena.

Rafiki yangu, sikumbuki kama nimewahi kukasirishwa hivyo na neno moja.

Ngoja nikueleze polepole. Kuna michezo ambayo kioo hujivuta chenyewe kuelekea kulia. Huwezi kusimama wala kurudi ulikotoka. Kazi yako ni kuruka, kukwepa na kupiga. Kwa kawaida unakuwa ndege ya kivita. Katika huu wetu ulikuwa sufuria yenye mabawa, na risasi zako zilikuwa wali. Uliwapiga vyura wenye miavuli, wanamieleka wanene waliopanda karoti kama farasi, na mwezi wenye jino bovu. Katika toleo la pili sufuria ilimwoa birika. Katika la tatu walizaa mwiko, na mwiko huo ulilia ukiuacha nyuma. Usiniulize kwa nini. Lakini matoleo yote yaliishia mahali pamoja: jikoni, mbele ya ajuza aliyejaza nusu ya kioo, mdomo wazi, analia moto.

Ukitaka kuujaribu, usiogope. Ni mwepesi kabisa, mradi ujue neno moja.

Sisi hatukulijua. Tulikuwa Sparkbrook wakati huo, katika safu ya nyumba zilizoshikana hivi kwamba jirani akikaanga pilipili, ninyi ndio mnaopiga chafya. Mama alikuwa akiwahudumia wazee katika makao yao, na nyanya alikuwa amekuja kutoka Kitale kutulea. Mashine ya kuchezea, iliyotengenezwa kwa umeme wa Japani, ilikuwa ya jirani yetu Mkongomani, aliyefanya kazi kwenye ghala moja huko Nechells. Aliinunua kwa muuza vitu vya mitumba, pamoja na kanda zote tatu za mchezo na transfoma nzito kama tofali, kwa sababu umeme wa Uingereza ungeiunguza. Transfoma hiyo ilivuma kama nzi ndani ya chupa, na ikipata joto ilinuka vumbi. Akienda kazini alituletea. "Muchunge hii kintu muzuri, bana," alisema, na sisi tuliichomeka kabla hajafika kwenye kona.

Siku ya kwanza tulipomfikia ajuza, nyanya alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati. Aliposikia "Moto!" akaja mbio, mikono myeupe hadi kwenye viwiko. "Nani anachezea jiko?" Tukamwonyesha runinga. Akamtazama yule mama mkubwa, kisha akatutazama sisi.

"Na ninyi mnataka kumfanya nini?"

"Tumpige, nyanya. Mdomoni."

"Mzee? Mdomoni? Anawaonya kuna moto, na ninyi mnamtupia chakula usoni! Rudini nyuma."

Tukarudi nyuma. Ajuza akangoja, akakasirika, akachukua ufagio na kuifagia sufuria yetu nje ya kioo. Mchezo haukuwa na pa kuhifadhi ulipofika. Ilibidi kuanza tena kwa vyura.

Ndivyo ilivyokuwa majira yote yale ya baridi. Nyanya alihamishia kazi zake sebuleni. Alichambua maharagwe huku akitazama, akafua kola zetu za shule kwenye beseni huku akitazama. Tukifika kwa ajuza aliacha kila kitu. "Mkubwa akisema moto, ni moto," alisema. "Hamjaungua bado ndiyo maana mnabisha." Hakujali kushinda. Alitaka kujua yule mama anaunguzwa na nini. Alipopata tarehe ya kurudi Kitale, dada yangu alimwahidi kwamba hataondoka bila kujua.

Siku ya mwisho, masanduku yakiwa yamefungwa mlangoni, dada alifika jikoni kwa ajuza na sufuria moja tu iliyobaki, yaani nafasi ya mwisho. Jirani alikuwa amekuja kuaga, amesimama na kofia mkononi.

"Moto! Moto!"

"Piga!" jirani akasema. "Juu ya nini munaogopa?"

"Usithubutu," nyanya akasema.

"Mama, ni muchezo tu."

"Adabu haina mchezo."

Niliona kidole cha dada juu ya kitufe. Kisha akakiinua. Ufagio ukapita. Dada akaipiga transfoma teke, akaumia, akalia kwa hasira, na nyanya akapanda teksi bila jibu.

Sasa unaelewa. Jumapili hiyo nikampigia simu Kitale hapo hapo. Masikio yake yamechoka, ilibidi nipaze sauti.

"Nyanya, unamkumbuka yule mama wa kwenye runinga? Aliyelia moto?"

"Ehe! Alikuwa anaunguzwa na nini?"

"Hakuwa anaungua. Alikuwa na njaa. Alikuwa anasema mwongeze."

Nikasikia kuku wake nyuma.

"Njaa? Na wali mlikuwa nao?"

"Sufuria nzima."

"Woiye! Mzee wa watu amefungua mdomo, na mimi ninawakataza! Na hamkuuliza Mjapani yeyote?"

"Mjapani tungemtoa wapi Sparkbrook?"

"Birmingham yote hiyo!" Akasonya, sonyo refu, na hakucheka hata kidogo. Dada yangu, aliyekuwa anasikiliza mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, naye hakucheka.

Jirani alihama zamani, hatujui aliko. Mashine ilikufa, na dirisha la nyumba yetu lina mapazia ya watu wengine. Hayo nimeyazoea. Nilimwomba mtoto aucheze mwisho ule tena, maandishi yakiwa yamezimwa, angoje kama tulivyongoja sisi. Akangoja kidogo, ufagio ukapita, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba namfundisha kushindwa. Akaanza upya, na ajuza alipofungua mdomo tu, akamlisha.

Nilifumba macho nisikilize. Sauti ni ile ile, haijabadilika hata kidogo. Lakini nilisikia "ongeza." Nikamwambia arudie, nikajikaza kusikia moto, ule wetu, wa mikono yenye unga. Nikasikia ongeza, ongeza, ongeza, hadi ajuza akashiba.