Hita Iliyokataa Kuguswa

Sifa ni zako, Mungu, unayempa mtoto pumzi kabla hajajua kuiomba.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika miaka ya themanini, karakana yetu ya Kawangware ilipokuwa ikimalizia sanduku la kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Lilisubiriwa na zahanati moja ya Kibera. Fundi mwenzangu, Otieno, alikuwa na haraka kuliko sote. Dada yake wa Sarang'ombe, huko huko Kibera, alikuwa amejifungua mtoto mdogo mno, na pale zahanati walimpasha joto kwa chupa za maji moto.

Ndani ya sanduku tuliweka kompyuta ndogo. Programu moja ilipima joto. Nyingine, aliyoiandika Otieno, iliwasha namba za kumwonyesha mkunga kiasi cha joto. Juu ya hizo ilikuwepo programu kuu. Mkuu wetu, Mzee Ramadhani, Mnubi wa Kibera, alitaka hii kuu peke yake ndiyo iiguse hita, kile kifaa cha kutoa joto, tena lisiwe jambo la ahadi, liwe ndani ya nyaya. Kompyuta ile ilikuwa na nyaya za kutangaza ni programu gani inayofanya kazi, kuu au ya kawaida. Alizipitisha kwenye njia ya kwenda kwenye hita, ili ya kawaida ikiigusa, umeme wenyewe uikatae.

"Ni kama mfereji wa kuuzia maji kwetu Kibera," alisema. "Unaweka debe lako na kuomba. Anayefungua ni mwenye mfereji."

"Mzee, mtoto anapoa!" Otieno alisema. "Hizi programu tumeandika wenyewe. Kwani unanishuku?"

"Wewe sikushuku, kijana. Nashuku usingizi wako."

Tulicheka, hata Otieno, lakini mzee aliendelea kulehemu.

Mchana tulijaribu, sufuria ya maji ikiwa mahali pa mtoto. Mara taa nyekundu ya kuonya ikawaka. Programu ya namba ilikuwa imekosea anwani ya kupeleka amri yake, na badala ya kuwasha namba ikaiamuru hita iwake bila kuzima. Nyaya zikaikatalia, programu kuu ikaisimamisha, joto likabaki pale pale.

"Imeharibika?" aliuliza mkunga aliyekuja kulichukua.

"La, mama," Otieno akajibu polepole. "Imenikatalia."

Akarekebisha, tukajaribu tena, kisha akalibeba sanduku mwenyewe hadi Kibera, hakutaka msaada. Mtoto yule aliishi. Leo naye ana watoto, na kila nimwonapo kanisani namshukuru Mungu, kisha Mzee Ramadhani.

Mwanangu, ukipewa kazi inayoshika uhai wa mtu, usiilinde kwa nia njema peke yake. Weka kizuizi kitakachosimama hata siku umechoka, hata siku unaharakishwa na upendo. Na mtu akikuzuia kwa ajili hiyo, usimnunie.

Mungu akutunze wewe unayesoma, aibariki mikono yako, na wote uwapendao wakue mbele ya macho yako. Amina.