Mwalimu Breki na mguu usiosikia sala

Saa moja na nusu asubuhi. Gari dogo jeupe lenye herufi L nyekundu mgongoni linateremka taratibu kuelekea njia panda ya soko, na ndani yake wanawake wawili wanabishana kama mawifi.

"Breki, mama."

"Njia panda nimeiona, mwanangu."

"Sijakuuliza kama umeiona. Nimesema breki!"

"Sasa unanifokea ya nini, mimi ni mtoto?"

Kabla jibu halijapatikana, gari linasimama kwa kishindo. Vichwa vinakwenda mbele na kurudi. Mkoba wa mwanafunzi unadondoka, machungwa yanabingirika chini ya viti. Nyuma yao honi zinaanza kulia, na mwenye mkokoteni mmoja anawauliza kwa sauti kama barabara hii wameinunua.

Mwanafunzi hajagusa breki. Aliyekanyaga ni mwalimu, kwenye ile breki ya pili ambayo magari ya shule za udereva hufungwa upande wa abiria kwa ajili ya hatari. Hatari yenyewe haipo. Njia panda bado iko mbali, mtu angeweza kushuka akanunua nyanya akarudi.

"Bwana Yesu," mwalimu ananong'ona, mguu umeganda pale pale. "Hivi nitakuwa hivi mpaka lini?"

Asubuhi nyingi za mwanzoni mwa mwaka huu zilikwenda hivyo. Mwalimu huyo ana umri wa miaka arobaini na mmoja, na kumi na miwili kati ya hiyo ameimaliza kwenye kiti cha pembeni mwa dereva. Mjini wanamwita Mwalimu Breki. Yeye kwa muda mrefu alidhani ni sifa.

"Nilifikiri wananisifu kwa kusisitiza usalama," anasema akitikisa kichwa. "Kumbe watu wananicheka mchana kweupe, na mimi naitikia abee!"

Mwanafunzi wake wa asubuhi hiyo naye ana jina la utani. Wenzake wanamwita Mama Mkwe, kwa kuwa amemzidi mwalimu wake miaka kumi na tano na hakuna kitu kinachomridhisha, kuanzia kiti mpaka hali ya hewa. Ni mpishi katika shule ya chekechea. Dereva wa gari la watoto alikuwa anastaafu, na mwenye shule alimwahidi mpishi wake kazi hiyo endapo angepata leseni kabla ya muhula mpya. Mtihani alikuwa ameshaufanya mara tatu. Mara tatu alifeli, na kila mara mahali pale pale: kusimamisha gari kwenye njia panda.

"Mgongo wangu umechoka na masufuria," anasema Mama Mkwe. "Hii ilikuwa nafasi yangu ya kukaa chini. Halafu napewa mwalimu anayeogopa kuliko mimi!"

Woga wa mwalimu una chanzo, na chanzo chenyewe kinamuudhi kwa sababu kila anayekisikia hucheka. Miaka sita iliyopita mwanafunzi mmoja, mwanamume mzima mwenye suti, alichanganya breki na mafuta. Gari lilipanda ukingo wa barabara likaingia kwenye kibanda cha kinyozi. Hakufa mtu. Mteja aliyekuwa kitini alitoka mbio amenyolewa upande mmoja, na hakurudi kumaliziwa. Mwalimu alivunjika mtulinga.

"Watu wanamkumbuka yule mteja," analalamika. "Mimi naukumbuka ukuta unavyokuja. Mguu wangu siku ile ulikuwa umepumzika, nikachelewa. Tangu hapo haujapumzika tena."

Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mguu wa mwalimu ulianza kushtukia kila kitu: kuku, matuta, vivuli, mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo. Akawa mtu wa kuomba. Aliomba kabla ya kupanda gari, aliomba kwenye foleni, aliomba macho wazi. Ee Mungu, niondolee woga huu. Woga ukasikia, ukaendelea na kazi zake.

Kisha akafanya kosa ambalo waumini wengi wanalijua ila hawalisemi. Jumapili moja, baada ya wiki nzima bila mshtuko hata mmoja, alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Bwana amemponya woga. Vigelegele, haleluya, kwaya ikamwimbia. Jumatatu saa mbili asubuhi mguu ulikuwa umesharudi kwenye breki.

"Sasa utarudi kusema nini?" anauliza. "Kwamba samahanini, uponyaji ulikuwa wa wiki moja? Kina mama walikuwa wameshaanza kuniletea watu wao niwaombee. Mmoja anaogopa radi, mwingine anamwogopa mkwewe. Nawawekea mikono kichwani, na mimi mwenyewe naogopa kuku!"

Aliyemfumbua macho ni mtahini, askari wa trafiki asiyependa maneno mengi. Mama Mkwe alipofeli mara ya tatu, mtahini alimvuta mwalimu kando ya uwanja.

"Wanafunzi wako nawajua hata kabla sijasoma majina," alimwambia. "Wakikaribia njia panda hawaangalii barabara. Wananiangalia mimi miguu."

"Miguu ya nini, afande?"

"Wanangoja nifunge breki. Mwalimu, wewe unafundisha watu kupanda gari. Kuendesha hujawafundisha."

Mwalimu anasema alitamani ardhi ipasuke aingie. Kati ya kila wanafunzi wake kumi, sita walikuwa wakirudia mtihani, na siku zote alikuwa akiwalaumu wao: huyu mzito, yule hana akili ya barabara. Kumbe kila mara alipookoa gari ambalo halikuwa hatarini, alikuwa akimnyang'anya mtu somo lake. Sasa Mama Mkwe alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu ya mtihani kabla shule hazijafunguliwa. Akifeli hiyo, gari la watoto linapata dereva mwingine na yeye anarudi kwenye masufuria.

Jioni hiyo mwalimu alikwenda kwa mchungaji akiwa amefura. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Nikuombee tena?" mchungaji akauliza.

"Umeniombea mara ngapi, baba mchungaji? Mguu hausikii! Nimefunga, nimekesha, nimepakwa mafuta mpaka mume wangu anauliza mbona nateleza. Kama Mungu ana neno na mimi aniambie, asinizungushe!"

Mchungaji, mzee mpole, alikuna kichwa. Kisha akamwambia jambo ambalo hajawahi kulisema mbele ya waumini. Kila Jumapili, kabla ya kuhubiri, tumbo humsokota mpaka anakimbilia chooni. Amekuwa hivyo tangu alipoanza utumishi, na sasa ana wajukuu.

"Wewe? Na huwa unaomba?"

"Naomba sana."

"Sasa unafanyaje?"

"Napanda mimbarini na tumbo langu."

"Na Mungu je?"

"Sijawahi kufika pale juu nikakuta hayupo," mchungaji akasema, "lakini tumbo nalo huwa lipo."

Mwalimu aliondoka amekasirika kuliko alivyokuja. Alikuwa amefuata dawa, akaonyeshwa mgonjwa mwenzake. "Njia nzima nasema peke yangu, hivi huyu ndiye anayetuhubiria tusiogope?" anakumbuka. Ni wakati anaosha vyombo nyumbani ndipo maneno yale yalipomwingia. Miaka sita alikuwa akimwambia Mungu aondoe woga kwanza, ndipo amwamini. Ni sawa na mtu anayesema ataingia majini akishajua kuogelea.

Kesho yake alimkabidhi Mama Mkwe ufunguo na kusema, "Mama, leo breki ni yako. Ya kwangu siigusi mpaka nione hatari ya kweli kwa macho yangu mawili."

"Na wewe utakuwa unafanya nini?"

"Nitaomba."

"Kwani udereva wangu umefikia huko?"

"Naomba kwa sababu ya woga wangu, mama, si kwa sababu yako."

Mama Mkwe alifungua mkanda akaufunga upya, kwa nguvu zaidi. "Haya. Basi omba kwa sauti, nijue tumefika wapi."

Wakateremka. Sala yenyewe, kwa jinsi wote wawili wanavyoisimulia, haikuwa ya kuwekwa kwenye kitabu. "Ee Bwana, wewe ndiwe mlinzi wetu... punguza gia, mama... usiku na mchana hulali... kioo, kioo! ... na hata sasa uko nasi..." Chini kwenye njia panda lori la mchanga lilikuwa linakatiza. Mama Mkwe, kwa mazoea, akageuza macho kuangalia mguu wa mwalimu.

"Usiniangalie mimi! Angalia mbele, mimi sipo!"

Mguu ulitaka kuruka. Mwalimu aliubana kwa mikono yote miwili, juu ya goti, kama mtu anayemzuia mbuzi. Hakuwa na amani yoyote moyoni, anasema, na anayedai kwamba amani ilimshukia aulizwe vizuri. Alichokuwa nacho ni sentensi moja tu, akairudia: upo, upo, upo.

Gari likasimama. Pua yake ilikuwa imechungulia barabarani kidogo na injini ikazimika, lakini lilisimama, na lori likapita zake. Dereva wa lori aliwatupia tusi ambalo mwalimu amekataa lichapishwe.

"Nani amesimamisha?" Mama Mkwe akauliza.

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, mama."

Mama Mkwe alipiga vigelegele hadi wauza nyanya wakasogea kuuliza ni harusi ya nani. Mwalimu alikuwa analia. Mguu wake ulitetemeka kama wa fundi cherehani, lakini ulikuwa pale pale alipouweka.

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Mara mbili alikanyaga tena bila sababu, na Mama Mkwe akamsema vibaya. Alipoamua kuwaeleza kina mama wa kanisani kwamba ule ushuhuda wake ulikuwa na haraka, baadhi walinuna. Kiongozi wao alimwambia anamwaibisha Mungu.

"Nikamuuliza, mama, Mungu anaaibishwa na ukweli tangu lini?" mwalimu anasema, na hasira bado imo kwenye sauti. "Alikwenda zake bila kuaga. Yule wa radi ndiye aliyebaki. Akanishika mkono akasema, kumbe tuko wengi."

Siku ya mtihani wa nne mwalimu hakuwemo kwenye gari. Hairuhusiwi. Alikaa kwenye benchi la uwanjani, na gari lilipopotelea kwenye kona akagundua kuwa anakanyaga udongo kwa nguvu zote, kiatu kimeshachimba shimo. Akacheka peke yake kama chizi, kisha akaomba. Mtahini aliporudi alisema maneno manne tu: "Huyu ameangalia barabara vizuri." Mama Mkwe akapata leseni, na pamoja nayo kazi.

Ingekuwa vizuri mambo yaishie hapo, kila mtu aende nyumbani. Lakini mwalimu ana kitinda mimba, binti wa miaka minne, anayeanza chekechea Jumatatu hii katika shule ile ile. Baba mtu, kwa kuwa mkewe huwahi kazini asubuhi, alimwandikisha mtoto kwenye gari la shule bila kuuliza dereva ni nani.

"Niliposikia nilikaa chini," mwalimu anasema. "Mume wangu ananiambia, si umemfundisha mwenyewe? Wanaume wana maudhi! Nimemfundisha ndiyo, na ndiyo maana najua kila kitu alichowahi kukosea."

Juzi alikwenda shuleni kulikagua gari hilo. Mama Mkwe alikuwa analiosha, akamkuta mwalimu amepiga magoti mlangoni, kichwa kimeingia chini ya kiti cha mbele.

"Mwalimu, unatafuta nini huko?"

"Breki."

"Breki iko upande wangu."

"Najua."

Mama Mkwe aliweka ndoo chini. "Ulinifundisha au hukunifundisha?"

"Nilikufundisha."

"Basi Jumatatu saa moja kasoro robo niko getini kwako. Mtoto awe tayari, na mzazi hakuna nafasi yake."

Wakati akisimulia haya mwalimu anapiga pasi sare ndogo ya bluu, ameshaipitisha pasi mara tatu na mikunjo iliisha mara ya kwanza. Mtoto mwenyewe yuko mlangoni, amevaa viatu vipya tangu asubuhi na amekataa kuvivua.

"Mnataka niwaambie kwamba siogopi?" anauliza. "Naogopa. Usiku nimeamka kumtazama amelala, nikamwambia Mungu wazi: mimi sikufichi kitu, naogopa mpaka mifupa, na Jumatatu nitampandisha hivyo hivyo. Kile kiti cha pembeni mwa dereva kwenye gari la shule nimekikagua, hakina breki, na nimeambiwa si changu. Basi ukae wewe."