Mwavuli wa Kapteni Haines

Siku Kapteni Haines aliporushwa nje ya ndege yake na kudondokea baharini, wenzangu melini waliinamisha vichwa wakaanza kumwombea.

Na mimi niliomba. Ila dua yangu ilikuwa ya peke yake.

"Ee Mungu, huyu mtu asife. Usinidhulumu. Bado sijamalizana naye."

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, maana najua mshaanza kunihukumu.

Naitwa Odessa Fontenot, mtoto wa Louisiana. Enzi hizo nilikuwa sajenti wa Marine, wale wanajeshi wa majini wa Marekani, kwenye ile meli kubwa ya kivita ambayo ndege na helikopta zinaruka kutoka mgongoni mwake, na tumboni imebeba askari wanaosubiri kushushwa ufukweni popote watakapotumwa. Nyumbani kwake ilikuwa bandari ya Sasebo, Japani.

Kazi yangu ilikuwa kufunga miavuli ya marubani. Ndege ikiharibika angani, rubani anavuta mpini, kiti kinamtupa nje, na kinachobaki kati yake na kaburi ni kitambaa tulichokikunja sisi.

Karakanani tulikuwa watatu. Mimi, Koplo Pruitt mwenye mdomo usiopumzika, na Koplo Lourdes Taitano wa kisiwa cha Guam.

Lourdes nilimchukulia kama mdogo wangu wa tumbo moja. Akianza kufunga mwavuli humsemeshi; ukimwita, anakuinulia kidole kimoja usubiri, na utasubiri hata uwe nani.

Kwao ni ukoo wa askari. Babu alikuwa askari, baba alipigana Vietnam, na picha zao wakiwa na magwanda zimepangwa ukutani sebuleni. Picha ya Lourdes ilitundikwa mwisho wa mstari, na alikuwa anaitaja kila akipata nafasi.

"Wenzio wamekuja jeshini kupigana," Pruitt anamtania. "Wewe ulikuja kupiga picha."

"Wivu tu. Wewe kwenu wametundika nini? Kalenda ya bucha!"

Tunacheka mpaka tunashika mbavu.

Sasa njooni kwa Haines.

Marubani hawajichagulii majina ya utani, wanabandikwa na wenzao. Huyu walimwita Mchungaji, kwa sababu ya mahubiri. Ukikosea kitu kidogo tu anakusimamisha mbele za watu, anakuhubiria uaminifu mpaka jua linakuchoma utosi.

Na kwenye meli kama ile kukosea ni rahisi. Kila asubuhi tunajipanga bega kwa bega, wakubwa kwa wadogo, tunatembea sitaha nzima macho chini tukiokota vitakataka. Skrubu, kijiwe, kifungo cha shati. Injini ya ndege ikivuta kitu kama hicho, kwisha habari yake. Ndiyo maana kusahau kifaa kwenye ndege ni dhambi isiyo na toba.

Basi siku moja ndege ya Haines ikawashwa, injini ikakohoa, ikatafuna kitu, ikatema moto. Hakufa mtu. Lakini injini ilikuwa ya kutupa, na ndani yake walitoa mabaki ya tochi ndogo ya rangi ya machungwa.

Haines ndiye aliyeikagua ndege ile kabla ya kupanda. Lourdes naye asubuhi hiyo alikuwa amefanya kazi kwenye kiti cha rubani.

"Ni tochi ya Koplo Taitano," Haines akasema, uso mkavu. "Nilimwona nayo."

Uongo mtupu! Tochi ile ilikuwa yake. Aliinunua dukani Sasebo, mimi nikiwa nyuma yake kwenye foleni. Ndiyo aliyokuwa anaizungusha kidoleni akituhubiria.

Nikaenda kusema. Nikasimama mbele ya mkuu wa kikosi, Luteni Kanali Ostrander, nikaeleza yote.

"Una uhakika, Sajenti? Tochi za namna hiyo ziko nyingi."

"Afande, nina uhakika kama ninavyomjua mama yangu."

"Kapteni ameapa."

"Na mimi naapa, Afande."

Akashusha pumzi, akaniambia nirudi kazini. Mnyonge hana haki, nyie mnajua.

Lourdes akavuliwa cheo, akashushwa melini, baadaye akafukuzwa jeshini kabisa. Mbele yao hakudondosha chozi. Alilia kwenye ngazi, mimi nikiwa nimembebea begi.

"Picha, dada," akaniambia. "Baba ataitoa ile picha."

Meli ilipofika bandari iliyofuata nilimpigia simu nyumbani kwao.

"Ameitoa," akasema. "Umebaki msumari. Na hanisemeshi. Chumvi tu mezani, anamwambia mama aniambie nimpe."

Nilikata simu. Nikaapa palepale kwamba Haines atamtaja mwenye tochi kwa mdomo wake mwenyewe, hadharani, hata kama itanichukua miaka.

Siku chache baadaye Pruitt alinisogelea, macho huku na huku.

"Sajenti, mwavuli wa ndege ya Mchungaji, namba saba, umeletwa ufungwe upya. Tuko mimi na wewe tu hapa. Kamba moja ikikaa vibaya..."

Nilimkamata kola kabla hajamaliza.

"Koma! Huo ni uuaji, tena uuaji wa kijinga. Maiti haombi radhi. Huyu namtaka hai, mzima, ulimi wake kinywani."

"Nilikuwa natania bwana!"

"Tania kingine."

Mwavuli ule niliufunga kama shela ya bibi harusi. Mkaguzi alipouona alinisifu, akasema hii ndiyo mikono inayopenda kazi. Nikamjibu asante. Ilikuwa chuki, jamani, chuki tupu, na sijawahi kufanya kazi nzuri kama siku ile.

Miezi ikapita. Nikawa namwangalia tu Haines akipita na mahubiri yake, namsalimia kwa heshima zote, moyoni namwambia subiri.

Ndipo ikafika ile siku niliyoanza nayo.

Alikuwa apande ndege namba saba, ikagoma kuwaka. Akakimbilia ya akiba, akapaa. Hajafika mbali, kundi la shakwe wa baharini likaingia kwenye injini, injini ikazimika, naye akavuta mpini. Tuliokuwa nje tuliona mwavuli ukifunguka, mweupe, mzima. Helikopta ya uokoaji ikamwopoa majini akiwa hai, shingo tu imeteguka.

Nililia kwa furaha. Pruitt akanipigapiga mgongoni, akidhani nimesamehe.

Sasa kuna desturi. Rubani akiokolewa na mwavuli, anamletea chupa ya wiski aliyeufunga. Haijaandikwa popote, ila anayeikwepa hakuna atakayekaa naye meza moja. Melini pombe ni marufuku, kwa hiyo chupa inasubiri bandari, lakini ahadi inatolewa mbele ya kikosi kizima.

Haines akasimama bwaloni wakati wa chakula cha mchana, shingo imefungwa. Kama kawaida yake, hakuweza kushukuru bila kuhubiri.

"Nimeiona sura ya kifo, ndugu zangu. Kuna mikono iliyofanya kazi yake kwa uaminifu, na kwa ajili ya mikono hiyo leo napumua. Mwenye mikono hiyo aniombe chochote. Naapa kwa mabawa haya ya urubani kifuani kwangu, nitakifanya."

Akanigeukia, anatabasamu.

"Sajenti Fontenot, simama. Sema unataka wiski gani."

Sikusimama.

"Chochote, Afande?"

"Chochote."

"Hata kikiwa kigumu?"

"Nimeapa mbele ya kikosi, Sajenti."

"Mwombe gari lake!" Pruitt akapiga kelele, bwalo zima likaangua kicheko.

Hapo ndipo nikasimama.

"Basi si mimi, Afande. Mwavuli wangu ulikuwa kwenye namba saba, ile iliyogoma. Wewe ulirukia namba tatu. Mwavuli wa namba tatu ulifungwa na Lourdes Taitano, na ndio wa mwisho aliofunga kabla hajashushwa melini."

Pruitt peke yake ndiye aliyeitikia kwa kichwa. Wengine walikuwa wanaangalia sahani zao. Haines akakaa chini, mahubiri yameishia hapo.

Luteni Kanali Ostrander akaweka uma wake mezani.

"Wiki ijayo tunatia nanga Guam," akasema. "Desturi ni desturi, Kapteni. Nitakusindikiza mwenyewe."

Nadhani mchana ule ndipo alipoanza kuniamini. Alichelewa, lakini heri nusu shari kuliko shari kamili.

Tulipofika nikampigia Lourdes.

"Mchungaji anakuletea chupa. Na ameapa kufanya chochote utakachomwomba."

Nikasikia anapekua kalenda.

"Jumapili, baada ya misa," akasema. "Ngoja niwaambie ndugu."

Mimi kwa akili zangu nikajua ndugu ni watu wa kujaa sebule. Weee! Ndugu wa mtu wa Guam ni nusu ya kisiwa. Tulikuta mahema yamesimamishwa uani, masufuria ya wali mwekundu, kuku wa kuchoma hawana idadi, na magari bado yanaingia.

Haines alishuka na sare yake ya heshima, chupa mkononi, jasho linamtiririka. Mzee Taitano, baba yake Lourdes, alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti chake. Hakujua wageni wamefuata nini. Alitupa mkono, akatukaribisha tule.

"Watakula baadaye, baba," Lourdes akasema.

Alikuwa na gauni la maua. Alisimama chini ya msumari ule, pembeni ya picha ya baba yake.

"Kapteni, nimesikia umesema chochote."

"Nimesema, Koplo... nimesema, Bi Taitano."

"Tochi ilikuwa ya nani?"

Haines akamtazama Kanali. Kanali akamkazia macho.

"Ilikuwa yangu."

"Sijasikia."

"Ilikuwa yangu! Niliisahau mimi. Nikaogopa kunyang'anywa mabawa, nikakusingizia wewe."

Mzee Taitano akashika mikono ya kiti kama anayetaka kusimama, akashindwa. Nilidhani yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Lourdes akachungulia dirishani.

"Mjomba Kiko ndiyo anaingia. Hajasikia. Rudia."

Akarudia. Wakaingia mashangazi.

"Rudia, Kapteni. Mashangazi wametoka mbali."

Akarudia. Wakaja mabinamu, wakaja majirani, akaja padri na kofia yake mkononi.

"Padri naye hajasikia."

"Bi Taitano, tafadhali..."

"Wewe uliniambia tafadhali siku ile? Rudia."

Akarudia, huyo Mchungaji, mbele ya mchungaji halisi, sauti imemkauka. Ilifika mahali uani wanamsaidia kwa pamoja, "Ilikuwa yangu!", wanapiga na makofi.

Mtaniuliza kama nilimwonea huruma. Nilichukua paja la kuku nikatafuta kiti cha mbele.

Katikati ya kelele zile Mzee Taitano aliinuka taratibu, akaingia chumbani. Alirudi na picha ya Lourdes, ameifuta vumbi kwa kiganja. Akaitundika kwenye msumari, akarudi nyuma hatua mbili.

"Lourdes," akaita. "Njoo uniangalizie kama imenyooka."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu arudi. Lourdes akaja, akamshika mkono, akaupeleka puani kama wanavyowaamkia wazee wao, na hapo ndipo alipolia. Na mimi pia. Nilikuwa na mafuta ya kuku mpaka mashavuni, sikujali.

Haines hakurusha tena ndege. Kesi ilifunguliwa upya, mabawa aliyoapia yakavuliwa, na Lourdes akarudishiwa cheo na jina lake. Jeshini hakurudi. Alisema alichokuwa anakitaka kiko ukutani.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinaniwasha. Kabla hatujarudi melini nikamvuta barazani.

"Lourdes, ule mwavuli wa namba tatu. Uliufunga lini hasa?"

"Siku ileile aliponisingizia. Nilitoka ofisini kwa Kanali nikaenda moja kwa moja mezani."

Nikamkodolea macho. Namba tatu ilikuwa ya akiba, yeyote angeweza kuikalia siku yoyote, yeye Haines akiwemo. Naye alilijua hilo.

"Na shetani hakukupitia?"

Akaniinulia kidole kimoja nisubiri, kama zamani. Akameza funda la soda, akatabasamu.

"Alinipitia. Nikamwambia maiti haombi radhi, dada. Nilimtaka hai."

Wallahi sikuwahi kumsimulia maneno niliyomwambia Pruitt.

Chupa ile ya wiski haijafunguliwa hadi leo. Iko chini ya picha, na kila mgeni akiuliza, Mzee Taitano anahadithia upya, na anamwiga Haines vizuri kuliko Haines mwenyewe.

Basi wewe unayechafua jina la mtu ili lako ling'ae, endelea. Ila siku utakapokuwa unaning'inia angani, tazama juu, ujiulize zile kamba alizifunga nani.