Nguruwe wa Ephraim Tolliver

Bibi yangu aliingia kwenye ukuta wa waasisi wa kaunti kwa sababu ya nguruwe wa wizi. Sitanii.

Kaunti yetu ya Pruitt, huku Alabama, ilikuwa inatimiza miaka mia na hamsini. Bi. Verna Scruggs, mwenyekiti wa chama cha historia, akatangaza: anayetaka jina la ukoo wake lichongwe ukutani alete karatasi ya mwaka 1868, kaunti ilipoanzishwa, inayomtaja babu yake.

Huna? Huingii.

Bibi Odessa alikuwa na masimulizi tu. Babu wa babu yake, Ephraim Tolliver, alitoka utumwani akafungua karakana ya uhunzi hapa hapa.

"Masimulizi hayachongwi, Odessa," Verna akamjibu mbele za watu.

Bibi akarudi kwenye gari, akabamiza mlango. Ana miaka themanini na moja. Nikajua hapa pamewaka.

Wiki tatu tulishinda kwenye stoo ya mahakama, tunapiga chafya, tunafunua madaftari yaliyoliwa na panya. Alhamisi moja bibi akanifinya mkono mpaka nikaruka.

"Hebu soma hapa. Miwani yangu inanidanganya."

Wala haikumdanganya.

Tukaenda na nakala moja kwa moja kwa Verna. Tulimkuta barazani na chai yake ya barafu.

"Karatasi ya kwenu iko wapi?" bibi akamuuliza.

"Iliungua na nyumba. Ila Kanali Lucius Scruggs, nani asiyemjua?"

"Basi soma hii."

Verna akasoma kwa mbwembwe zote: "Desemba 1868. Lucius Scruggs, kibarua, ameshitakiwa kwa kuiba nguruwe wa Ephraim Tolliver, mhunzi..."

Sauti ikakata. Uso mwekundu kama nyanya.

"Kibarua?" akanong'ona.

Yaani wizi haukumuuma kama ule ukanali kuyeyuka! Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma.

"Ukiikataa, wote tuko nje," bibi akasema. "Ukiikubali, wote tumo. Ila malizia, mama. Kuna mstari chini."

Verna akavuta pumzi. "Mlalamikaji ameomba mshitakiwa aachiwe, maana ana watoto watano na hawajala."

Verna akaiweka karatasi mapajani.

"Mmoja wa hao watoto ndiye babu wa baba yangu," akasema, machozi yanamtoka. "Odessa, nikwambie nini?"

"Niambie kama kuna chai nyingine."

Siku ya uzinduzi majina yalikaa ubavu kwa ubavu, Tolliver na Scruggs. Ile karatasi ilitundikwa katikati, ndani ya kioo. Aliyeng'ang'ania itundikwe ni Verna mwenyewe.

Ndugu zangu, mkitafuta ukoo msiende na babu mliyemchagua nyumbani. Mpokeeni aliyekuwepo.