Chungu cha Nyigu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la saba sikuwa msemaji, kwa hiyo si mimi niliyekisimulia kisa hiki kwanza. Ni Beti, binti ya shangazi yangu, Jumapili ile tuliporudi kutoka kambini, akiwa amesimama katikati ya chumba cha Kukhu huko Makongeni, Nairobi, kabla hatujavua viatu. Beti alisema vyungu vilivyotiwa motoni vilikuwa mia. Vilikuwa ishirini na tisa. Alisema pia kwamba nililia. Sikulia.

Kukhu ni nyanya yetu, mama mzazi wa baba. Alikuja Nairobi kutoka magharibi akiwa mke wa mfanyakazi wa reli, na katika mizigo yake kulikuwa na chungu cha maji kilichofinyangwa na mama yake, Nekesa, ambaye nimepewa jina lake. Chungu hicho kilivunjika siku walipohama nyumba moja kwenda nyingine katika mtaa uleule. Tangu hapo alinywa maji ya ndoo ya plastiki, na hakuacha kuyalalamikia.

Basi aliposikia kwamba shule inapeleka wanafunzi wa sanaa Ukambani kwa wiki moja, na kwamba tutafinyanga, aliniita jikoni. Aliniambia kuwa siku ya kuchimba udongo, mfinyanzi hamsalimu mtu wala haitikii salamu, tangu atoke mlangoni hadi udongo uwe umekandwa ukaisha. Anayefungua kinywa, chungu chake hupasuka motoni. Kisha akasema, "Niletee kimoja kizima." Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuniomba kitu.

Huko kambini Mwalimu Odera alitupa kazi moja: kila mtu atafute kitu cha porini, afinyange chungu cha umbo lake. Wengi walichagua kobe na vichuguu. Mimi niliona viota vya nyigu kwenye dirisha la bweni, vyungu vidogo vya udongo, kila kimoja na shingo yake na mdomo uliokunjwa kwa nje. Nikajua nimepata cha mwalimu na cha Kukhu kwa pamoja.

Kesho yake asubuhi tuliteremka mtoni. Mwenyeji wetu, mfinyanzi mzee tuliyemwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, alisimama ukingoni akitusalimu mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nilinyamaza. Akarudia salamu. Nikanyamaza. Mwalimu akanitoa mstarini, na hadi leo siwezi kuilaumu hasira yake. Alisema mtoto asiyesalimu wenyeji hatashika udongo wao, atarudi bwenini kuosha sufuria. Beti, kwa kunihurumia, akamweleza mwiko wa Kukhu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Mwalimu akajibu kwamba yeye anataka adabu tu.

"Msalimie Susu," akaniambia. "Neno moja."

Nikisema, sina chungu. Nisiposema, sina udongo. Nilipiga magoti kwenye tope, nikaushika mkono wa Susu kwa mikono yangu miwili, nikainamisha kichwa. Hakuna aliyenifundisha hivyo.

"Mwalimu, huyu amenisalimu kuliko wote," Susu akasema. Akaongeza kwamba kwao huchimba wakiimba, na mwiko kama huo hajawahi kuusikia, lakini kila mtu ana mafunzo ya nyumbani kwao. "Mwache achimbe. Moto utatuambia."

Sasa wenzangu walikuwa wameujua mwiko, na watoto wa Eastlands, mitaa yetu ya Nairobi, hawaishiwi salamu.

"Niaje, Nekesa?"

"Sasa, bubu?"

"Shikamoo, nyanya," akasema mvulana mmoja kwa heshima kubwa, na kundi zima likaangua kicheko.

Walinifuata hivyo hadi kambini. Wao walikanda kidogo, wakacheka, wakaanza kufinyanga. Mimi sikuwa na wa kuongea naye, basi nilikanda. Kila changarawe vidole vyangu vilipoigusa niliitoa. Nilikanda hadi Susu mwenyewe akaja kuniambia inatosha, na hapo nikasimama, nikamwamkia kwa sauti, mbele ya mwalimu.

Vyungu vilikaa kivulini siku tano. Jumamosi mchana Susu alivipanga juu ya kuni, akavifunika kwa samadi na nyasi kavu, akawasha. Baada ya muda tukaanza kusikia milipuko ndani ya moto: pa, kisha kimya, kisha pa mara mbili. Vya kobe vilipasuka. Vya vichuguu vilipasuka. Hakuna aliyenitania tena. Jivu lilipopoa, Susu alivuta vyungu kwa ukuni, na vilivyokuwa vizima vilikuwa kumi na kimoja. Changu alikigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia kama kengele. Alimpa Mwalimu Odera, naye akakiweka mbele kabisa kwenye meza ya maonyesho, akasema mbele ya wote kwamba alikosea pale mtoni.

Kukhu alikipokea kwa mikono miwili, akakijaza maji, akasubiri yapoe, akanywa, akafumba macho. Nilimwuliza kama goti linahesabiwa kuwa salamu. Alifikiri, akasema mama yake hakusema lolote kuhusu magoti.

Najua changarawe hupasua chungu, na najua kwamba asiyepiga soga hukanda vizuri zaidi. Huenda mwiko ule uliwekwa kwa ajili hiyo tu. Lakini mimi sikukaa kimya kwa sababu ya changarawe. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimeaminiwa, na ile ndiyo siku niliyojua kwamba ukimya wangu, ambao watu waliuona kama kasoro, una nguvu ya kubeba kitu hadi nyumbani bila kukivunja.

Mwalimu Odera amestaafu, yu hai. Beti anaishi mtaa wa Tassia na watoto wawili. Susu, kwa habari za mwaka jana, yu hai na bado anachimba. Kukhu peke yake ndiye aliyetutoka, na maji ya mwisho aliyoomba yalitoka katika chungu kile.