Kifumulio Changu na Gauni la Zambarau

Ndani ya mshono wa nguo mna uchafu ambao mwenye nguo mwenyewe hajawahi kuuona. Mimi nauona kila siku. Nimefumua suruali za mtumba nikakuta tumbaku iliyogandamana na jasho la mtu nisiyemjua. Nimefumua kola za walimu nikakuta utandu mweusi wa mafuta ya shingo ambao sabuni haikuufikia miaka nenda rudi. Makwapa ndiyo usiseme. Siku moja kwenye pindo la kaptula ya shule alitoka mende mkavu, mzima, na miguu yake yote. Nikisema kwamba mimi ni mtu wa kinyaa, watu wa hapa Kibiti hunicheka na kuniuliza ni nani aliyenilazimisha kuwa fundi. Mimi nilijifunza kushona. Hakuna aliyeniambia kwamba nusu ya kazi yenyewe ni kufumua.

Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka, kando ya barabara kuu, na juu ya meza yake hukaa kifumulio. Ni kidude cha urefu wa kidole, mpini mwekundu wa plastiki na kichwa cha chuma chenye pembe mbili. Pembe moja ni ndefu na imechongoka, nyingine fupi na ina kishanga kinacholinda kitambaa kisitoboke. Makali yamejificha katikati, kwenye panda. Unapenyeza pembe ndefu chini ya uzi, unasukuma kidogo, uzi unakatika. Kikiwa kipya ni raha tupu. Nimewahi kufumua gauni zima la harusi huku nikiimba, na kitambaa hakikupata hata mkwaruzo.

Lakini upya wake haudumu. Baada ya miezi miwili makali yanakufa, na hapo ndipo kinapoanza ukorofi. Hakikati tena, kinavuta. Unasukuma, kinagoma, unasukuma zaidi, kinaruka na kutua pale pale ambapo mteja atapaona kwanza. Halafu kina tabia ya kupotea. Kuna wiki nilikitafuta mpaka nikamtukana kila aliyepita barazani, kumbe nilikuwa nimekishonea ndani ya pindo la pazia. Nililifumua pindo kwa wembe ili kukitoa kifumulio, na mzee wa kanzu alicheka mpaka akashika mbavu.

Mzee wa kanzu ni fundi mwenzangu, mshona kanzu, tunagawana baraza. Yeye hutumia nusu ya wembe aliyoishika kwa vidole viwili, na kifumulio changu hukiita kidude cha wanafunzi. Ila akishakula wali na samaki, dharau yote huisha. Mchana mmoja niligeuka nikamkuta amekaa kinywa wazi, pembe ndefu ya kifumulio changu iko kati ya magego yake, anasaka mwiba. Alipoupata aliutazama, akautupa barabarani, akakifuta kifumulio kwenye goti la suruali na kukirudisha mezani pangu. Nilikichemsha kwenye sufuria ambayo baadaye niliitupa, kisha nikakisugua kwa spiriti. Tangu siku hiyo chupa ya spiriti hukaa chini ya cherehani, na yeyote akikigusa kifumulio changu, nakifuta mbele ya macho yake, bila haya.

Mama mmoja kutoka Mbuchi, kijiji cha huko pwani, alikuja siku ya bamvu, maji yalipokuwa makubwa na maboti yakaweza kupita kila kijito cha delta. Alishuka kwenye bodaboda, akavua ndala zake kabla ya kupanda baraza, nikamwamkia shikamoo. Kazi yake ilikuwa kumenya na kukausha kamba, na hilo hakuhitaji kuniambia, harufu ilimtangulia. Mimi nimezaliwa bara, nimeletwa huku na uhamisho wa mume wangu, ambaye ni mwalimu. Kwetu kamba ni mdudu. Miaka sita niliyokaa hapa sijawahi kumtia kinywani, na harufu ya kamba wakavu bado hunipandisha tumbo.

Alitoa gauni kwenye mkoba wa ukindu. Lilikuwa jipya, la satini ya zambarau, lenye mikono ya lesi. Binti yake ndiye aliyemnunulia. Binti alikuwa akiishi hapa Kibiti kwa mamake mkubwa, alikuwa anaolewa, na alimchagulia mama yake gauni la siku ya nikahi kwa kukisia, maana mwaka mzima hawakuwa wameonana. Alimkisia vibaya. Mikono ilikwamia kwenye kiwiko na zipu ya mgongoni haikupanda. Mama alilitunza nyumbani, chumba kimoja na magunia ya kamba, na sasa satini yote ilinuka moshi na chumvi na kitu kingine ambacho sitakitaja.

Nililishika kwa vidole viwili, nikalitazama kwa ndani. Fundi aliyelishona alikuwa mtu mwema, aliacha akiba ya kitambaa upande huu na huu. Likifumuliwa ubavuni na kwenye mikono, lingetanuka. Mama aliniambia jambo moja tu ambalo lilimkera. Binti hajui kwamba gauni halikumtosha, na asijue. Akimwona mama yake siku hiyo amevaa kingine, ataelewa, na ataolewa huku analia.

Alipokuwa akisema hivyo alikiokota kifumulio mezani, akakigeuza geuza, akagusa makali kwa kidole gumba. Nilinyoosha mkono akanipa. Nikainama, nikachukua chupa, nikakifuta kwa spiriti pembe zote mbili na mpini pia. Yeye alitazama barabarani, malori yalikuwa yanapita. Nilimpima kifua huku nimebana pumzi, nikaandika vipimo, nikamwambia kama mafundi wote wa dunia hii wanavyowaambia wateja wao: njoo kesho.

"Kesho ipi, mwanangu?" aliuliza.

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba boti lao hufuata maji. Yakishakuwa maji mafu vijito hukauka, na mtu hatoki mpaka bamvu lijalo. Kulala kwa dada yake hakutaka, binti angeuliza amefuata nini mjini. Nikamwambia basi, akija na bamvu lijalo atalikuta tayari. Alishukuru, akavaa ndala zake. Nililisokomeza gauni kwenye kiroba, nikafunga mdomo kwa uzi, mafundo mawili, nikalitundika kwenye msumari nyuma yangu.

Wiki mbili ni nyingi kwa kazi ya saa mbili. Kila asubuhi nilikiona kile kiroba, na kila asubuhi nilipata nguo nyingine ya kuanza nayo. Sare za shule. Mapazia ya mtu wa Mchukwi. Shati la mume wangu, ambalo halikuwa na haraka yoyote. Mzee wa kanzu aliniuliza mara moja ndani ya kiroba kile mna nini, nikamwambia mna kamba. Tukacheka.

Aliporudi na bamvu la pili, nilimdanganya. Nilimwambia nimebakiza vifungo, wakati gauni lenyewe halina kifungo hata kimoja. Alikitazama kiroba kwenye msumari, na uzi wangu wenye mafundo mawili. Alisema haya, akaondoka kuliwahi boti kabla maji hayajashuka. Ningekuwa na aibu ningekifungua siku ile ile. Nilikiacha.

Bamvu la tatu ndilo lililokuwa la harusi. Alifika kwa dada yake Alhamisi, na Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa amesimama mbele ya cherehani yangu, kichwa kimefunikwa kanga mpya. Nikahi ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Sikuwa na uongo uliobaki. Nilikishusha kiroba, nikaukata uzi mbele yake.

Mwezi mzima gauni lilikuwa limefungiwa bila hewa, pamoja na unyevu na chumvi yake. Harufu iliyotoka humo ilimfanya hata mzee wa kanzu ainue kichwa. Ukungu mweupe ulikuwa umeota kwenye satini, madoa madoa, kuanzia kifuani mpaka kiunoni, na nilipolikunjua vidole vyangu viliteleza. Nilijiziba pua kwa kitambaa. Mama aliniona, kisha akaliona gauni. Uchafu ule haukuwa wake. Yeye aliniletea harufu tu. Ukungu niliufuga mwenyewe.

Nilianza kufumua haraka. Kifumulio kilikuwa kimeshakufa makali, na satini haitaki mabavu. Kilivuta, kikagoma, nikasukuma. Kikaruka. Nilisikia kitambaa kikilia, na chini ya kwapa la kushoto tundu likafunguka, refu kama kucha. Niliacha kila kitu nikaweka mikono mapajani. Mzee wa kanzu alininyooshea wembe wake, na kwa mara ya kwanza hakufanya utani.

"Nipe miye," mama alisema.

Hakuwa anautaka wembe. Nilimpa kifumulio. Alikaa chini barazani, akaligeuza gauni ndani nje, akauinua mshono kwa kucha ya kidole gumba mpaka ukasimama. Alipitisha pembe kwa ubapa, akakata nyuzi chache, akaruka kidogo, akakata tena. Kisha akaligeuza upande wa pili, akashika ncha ya uzi na kuuvuta polepole, ukatoka wote, mrefu, mzima. Niliuliza amejifunza wapi. Alisema kwao watoto wa kike hupasua migongo ya kamba na kutoa ule mshipa mweusi kabla hawajajua hata kusuka ukili. "Ukisukuma unachana nyama," alisema. "Unainua tu, mwanangu. Kinakata chenyewe." Miaka kumi na moja ya ufundi, na nilikuwa nimekalia kiti huku mmenya kamba akinifundisha kifumulio changu.

Alipomaliza mbavu alimaliza mikono. Mimi nilishona nyuma yake, nikakata kipande kwenye mkanda wa gauni na kuliziba tundu kwa ndani. Akaomba ndimu na maji, akaufuta ukungu doa baada ya doa, na mimi nikapiga pasi mpaka satini ikang'aa. Saa saba aliingia nyuma ya duka akalivaa. Zipu ilipanda. Alipotoka mzee wa kanzu alisema mashallah, na mimi nilimzunguka nikimtazama, nikatafuta kasoro, sikuiona.

Aliniuliza maji ya kunawa yako wapi. Nilimwonyesha ndoo. Nilipogeuka nilimkuta ameinama chini ya cherehani na gauni lake la harusi, ameishika chupa yangu ya spiriti. Alimimina kwenye kitambaa, akakifuta kifumulio pembe ndefu, pembe fupi, panda, akamalizia na mpini. Akaifunga chupa na kuirudisha pale pale ilipokuwa. Kisha akakiweka kifumulio mezani mbele yangu.

"Nimekifuta, mwanangu," alisema. "Hakinuki."

Hakusema kwa kunisuta. Alisema kwa upole ule ule wa mtu anayerudisha chungu cha jirani kikiwa kimeoshwa. Akavaa ndala zake chini ya ngazi, akaniambia nisikose kuja kula pilau.

Nilikwenda, maana kutokwenda kungekuwa kuongeza dhambi. Nilikaa uani na wanawake. Nikahi ilipokwisha tuliingia kumpongeza bibi harusi, na yeye alimshika mama yake mabegani, akamgeuza mbele na nyuma, akacheka kwa furaha, akasema alijua litamkaa. Mama alikuwa amebana mkono wa kushoto ubavuni, pale penye kiraka. Aliniona nyuma ya wenzangu.

"Limenikaa tangu siku ya kwanza," alimwambia binti. "Fundi kalipiga pasi tu."

Sinia la pilau lilifika, tukanawa, tukakaa watano kulizunguka. Nilifinya tonge nikalipeleka mdomoni. Hata baada ya kunawa, vidole vyangu bado vilinuka spiriti ya kile kifumulio alichonifutia mama, na wenzangu wote walikuwa wanakula nami bila kinyaa. Nililirudisha tonge ukingoni mwa sinia, upande wangu.