Mtoto wa Tatu Kwenye Fomu ya Kodi

Jamani, someni haya.

Miaka ya sabini nilikuwa karani wa mishahara hapa Kasese. Sheria ya kodi ikabadilika, tukajaza fomu za wafanyakazi upya. Mwenye watoto wengi alikatwa kidogo.

Mfanyakazi mmoja, mzee wa kijiji cha Mahango, akanitajia wanawe: Mumbere, Bwambale, Kule.

Sisi Wakonzo tunawapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Wa tatu ni Masereka, Kule ni wa nne!

Nikamuuliza, "Mzee, Masereka iko wapi?"

"Ule alikufa. Usiandike hiyo jina, karani. Ukiita, anakuja."

Sikuandika. Haki ya Mungu.

Leo nimeikuta nakala ya fomu ile sandukuni. Masereka yumo, wa tatu. Wino haujakauka.

Mwandiko ni wangu.

Nyinyi mliosoma jina lake, mmesoma kimoyomoyo au kwa sauti?